Bunju, Homa na Chandarua: Udhibiti wa Chaneli za Sodiamu Moyoni na Ubongoni

Chaneli ya sodiamu ni protini iliyopenya utando wa seli kutoka upande wa nje hadi wa ndani, ikaacha katikati yake tundu jembamba la kupitisha ioni za sodiamu. Katika damu na majimaji yanayozunguka seli, sodiamu hufikia kama milimoli 140 kwa lita. Ndani ya seli ni 10 hadi 15 tu. Tofauti hiyo haiji bure. Pampu zilizomo katika utando huohuo hutoa sodiamu nje usiku na mchana, na ubongo hutumia sehemu kubwa ya nishati yake kwa kazi hiyo. Isitoshe, ndani ya seli kuna chaji hasi: karibu milivolti 70 chini ya sifuri katika seli nyingi za neva, na karibu 90 katika misuli ya moyo. Chaneli ikifunguka, basi, sodiamu huvutwa ndani na nguvu mbili kwa pamoja, na katika muda usiofika milisekunde moja chaji ya ndani hugeuka kuwa chanya. Kwenye neva mgeuko huo ndio ujumbe wenyewe. Moyoni ndio unaosambaza amri ya kupiga katika vyumba vya juu na vya chini, ingawa kituo kidogo kinachoanzisha mapigo, kilichoko sehemu ya juu ya chumba cha juu cha upande wa kulia, hutegemea zaidi mkondo wa kalisi. Jambo hilo la mwisho litahitajika mbele kidogo.

Kufunguka si kazi ngumu. Kinachotofautisha seli nzima na seli mgonjwa ni kufunga kwa wakati, kujiandaa upya, na kuwa na chaneli za kutosha mahali panapostahili. Hitilafu ya asilimia moja tu ya chaneli zinazochelewa kufunga inatosha kuvuruga moyo.

Mpangilio wa msingi ulielezwa na Alan Hodgkin na Andrew Huxley mwaka 1952, baada ya majaribio waliyofanya Plymouth, Uingereza, kwenye neva ya ngisi. Mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobeli pamoja na John Eccles. Ngisi hakuchaguliwa kwa akili zake bali kwa unene wa neva yake, ambayo waya mwembamba huweza kuingizwa ndani na kupima volti. Protini yenyewe ilitambuliwa baadaye: William Catterall na wenzake waliinasa mwaka 1980 kwa kutumia sumu ya nge kama alama, na mwaka 1984 maabara ya Shosaku Numa huko Kyoto ikasoma mpangilio wake kutoka kwa mkunga wa umeme. Ni mnyororo wa asidi amino zinazokaribia 2000, uliokunjwa katika sehemu nne zinazofanana, kila sehemu ikiwa na vipande sita vinavyopita kwenye utando. Kipande cha nne katika kila sehemu kina asidi amino zenye chaji chanya. Volti ikibadilika husogea, na tundu hufunguka. Kati ya sehemu ya tatu na ya nne, upande wa ndani wa seli, kuna asidi amino tatu, isolusini, fenilalanini na methionini, ambazo milisekunde moja au mbili baadaye huliziba tundu kama kizibo cha chupa.

Kwa hiyo chaneli ina hali tatu, si mbili: imefungwa lakini iko tayari, imefunguka, au imezibwa. Iliyozibwa haiwezi kufunguka tena mpaka volti irudi chini na kizibo kiondoke. Muda huo wa mapumziko huzuia ujumbe wa neva kurudi ulikotoka, na huuzuia moyo kukakamaa katika mpigo mmoja usioisha. Karibu kila dawa inayogusa chaneli hizi hutegemea hali hizo tatu.

Samaki wa jamii ya bunju wamo katika Bahari ya Hindi na hufika hadi kwenye vijito vya mikoko vya delta ya Rufiji. Mvuvi humtambua mara moja, kwa kuwa akitolewa majini hujivimbisha mpaka ngozi ikakaza, na wengi humtupa palepale. Sumu yake, tetrodotoksini, hutengenezwa na bakteria na kujikusanya katika maini, mayai, utumbo na mara nyingi ngozi. Kuchemsha, kukaanga wala kukausha hakuiondoi. Ndiyo sumu iliyowapa wanasayansi ushahidi kwamba sodiamu ina njia yake peke yake: mwaka 1964 Toshio Narahashi na wenzake walionyesha kwamba tetrodotoksini huzima mkondo wa sodiamu na kuuacha wa potasiamu bila kuugusa. Huingia kwenye mdomo wa nje wa tundu na kuketi hapo.

Dalili huanza mara nyingi kati ya dakika 10 na 45 baada ya kula. Midomo na ulimi hufa ganzi, kisha uso na vidole. Hufuata kutapika, miguu kulegea, sauti kupotea, na mwishowe misuli ya kupumulia hupooza. Mgonjwa anaweza kuwa na fahamu zake kamili huku hawezi hata kufumbua jicho, na moyo wake ukaendelea kupiga. Hapo kuna mambo mawili yanayohitaji maelezo, maana sumu iliyomo katika damu inafika kila mahali.

Kuhusu ubongo, chaneli zake ni nyepesi sana kuzimwa na tetrodotoksini. Zimenusurika kwa sababu sumu hiyo haipenyi kwa urahisi ukuta uliopo kati ya damu na ubongo. Neva za mikono, miguu na kifua hazina kinga ya namna hiyo. Moyo una kinga ya aina nyingine kabisa. Kwenye mdomo wa chaneli ya moyo, mahali ambapo chaneli za ubongo na za misuli ya mwili zina asidi amino yenye umbo la pete, pana sisteini. Badiliko hilo moja huifanya chaneli ya moyo ihitaji sumu zaidi ya mara 100 ndipo izimwe. Ongeza na kile kituo cha mapigo kinachotegemea kalisi, na inaeleweka kwa nini aliyekula bunju hufa kwa kukosa pumzi, si kwa kusimama kwa moyo. Bunju mwenyewe huishi na sumu hiyo kwa njia ileile: chaneli zake zimepoteza asidi amino yenye pete.

Hakuna dawa ya kuivunja tetrodotoksini mwilini. Kinachookoa ni kumpumulisha mgonjwa, kwa mdomo, kwa mfuko wa hewa au kwa mashine, mpaka mwili uitoe. Aliyevuka saa 24 za kwanza kwa kawaida hupona. Kwa mtu wa Salale au Mbwera, katika delta ya Rufiji, ambako safari ya hospitali huanza kwa boti, hilo lina maana kwamba pumzi hiyo haiwezi kusubiri mpaka nchi kavu.

Binadamu ana jeni tisa za chaneli hizi, zinazotoa aina zinazoitwa Nav1.1 hadi Nav1.9. Nav1.5, inayotokana na jeni SCN5A, ndiyo kuu ya moyo, Nav1.4 ni ya misuli ya mwili, Nav1.7, Nav1.8 na Nav1.9 zimo zaidi katika neva za maumivu. Ubongo mkubwa hutumia Nav1.1, Nav1.2 na Nav1.6, na kabla ya kuzaliwa Nav1.3 kwa wingi. Ukitazama maumbo yao, zinafanana mno. Tofauti kubwa iko katika namna kila seli inavyoziweka na kuzitawala.

Mahali ni udhibiti wa kwanza. Seli ya neva haisambazi chaneli sawasawa: huzisonga kwenye mwanzo wa mkia wake mrefu, mahali ambapo uamuzi wa kutuma ujumbe au kutotuma hufanyika, kwa wingi unaozidi sehemu nyingine mara kadhaa. Nanga inayozishika hapo ni protini iitwayo ankirini-G. Seli ya moyo nayo hutumia ankirini-G hiyohiyo kuziweka chaneli kwenye maungio kati ya seli na seli, ili mkondo uruke upesi kwenda kwa jirani. Mwaka 2004 ilibainika kwamba badiliko la asidi amino moja kwenye Nav1.5, linaloizuia isishikwe na ankirini-G, huleta ugonjwa wa moyo uitwao Brugada. Chaneli yenyewe ilikuwa na uwezo wa kufunguka. Ilichokosa ni kufika mahali pake. Tukio hilo linaonyesha wazi kuliko mengine kwamba kuichunguza chaneli peke yake, nje ya seli yake, ni kusoma nusu ya habari.

Udhibiti wa haraka hufanywa kwa fosfeti. Vimeng'enya viitwavyo kinesi hubandika kikundi cha fosfeti kwenye asidi amino fulani za chaneli, hasa katika kiungo kilichopo kati ya sehemu ya kwanza na ya pili, na vingine hukibandua. Jambo la kushangaza ni kwamba ishara moja huleta matokeo yanayopingana. Adrenalini ikifika moyoni huamsha kinesi A, na mkondo wa Nav1.5 huongezeka, kwa sehemu kwa sababu chaneli nyingi zaidi hupelekwa kwenye utando; mtu anayekimbia anahitaji mkondo usambae upesi. Katika neva nyingi za ubongo, kinesi A hiyohiyo ikiamshwa na dopamini hupunguza mkondo wa Nav1.2, na neva huwa nzito zaidi kutoa ujumbe. Hakuna mkanganyiko hapa: kiungo kile kina mpangilio tofauti katika aina hizo mbili, na seli huamua kitakachobandikwa na mahali pa kukibandika.

Kalisi nayo ina mkono wake. Kupitia kalmodulini, iliyoshikamana na mkia wa chaneli, hurekebisha kasi ya kuzibwa na kuzibuka. Moyo uliochoka, ambao kalisi imerundikana ndani ya seli zake, huamsha kinesi nyingine, CaMKII, inayofanya chaneli chache zikawie kuzibwa. Mkondo huo wa kuchelewa hauzidi kwa kawaida asilimia moja ya mkondo wa mwanzo, lakini hudumu muda mrefu, huongeza sodiamu ndani, na sodiamu hiyo huvuta kalisi zaidi. Ni mduara mbaya, na ni mojawapo ya sababu za mapigo kwenda mrama kwa wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kufanya kazi.

Kuna pia vijiprotini vya pembeni, beta 1 hadi 4, vinavyosaidia kuipeleka chaneli kwenye utando na kunyoosha mwendo wake. Upo ukataji tofauti wa ujumbe wa jeni, unaoupa ubongo wa mtoto mchanga toleo lisilo sawa na la mtu mzima. Kipo na kimeng'enya Nedd4-2, kinachozitia alama chaneli zilizokwisha kazi ili ziondolewe.

Katika mkoa wenye malaria, swali la udhibiti huu hukutana na homa. Joto huharakisha kufunguka na kuzibwa kwa chaneli, na chaneli iliyo na kasoro ndogo huweza kuvumilia nyuzi 37 ikashindwa nyuzi 39.

Ubongoni mfano wake ni ugonjwa wa Dravet, ulioelezwa na daktari Mfaransa Charlotte Dravet mwaka 1978 na kuhusishwa na jeni SCN1A, inayotoa Nav1.1, mwaka 2001. Mtoto huanza, kabla ya kutimiza mwaka, kupata degedege ndefu akiwa na homa, na baadaye hata bila homa. Nav1.1, iliyopungua kwake, imo hasa katika seli zinazozituliza nyingine. Breki zikilegea, ubongo mzima huchachamaa. Katika zahanati za Rufiji na Kibiti mtoto mwenye homa na degedege hupimwa malaria kwanza, na ndivyo inavyopasa, kwa kuwa malaria kali huua haraka na Dravet ni nadra. Shaka inafaa kuingia pale degedege inapojirudia mara kwa mara, ikichukua zaidi ya nusu saa au ikishika upande mmoja wa mwili, na vipimo vya malaria vikiwa safi. Hapo uchaguzi wa dawa una uzito. Kabamazepini na fenitoini, zinazotumika sana kwa kifafa, huzima chaneli za sodiamu. Kwa mtoto wa Dravet huzima zile chache zilizobaki kwenye breki, na kifafa huongezeka. Valproeti hufaa zaidi.

Moyoni mfano ni ugonjwa wa Brugada, uliotangazwa na ndugu Pedro na Josep Brugada mwaka 1992 na kuunganishwa na SCN5A mwaka 1998. Mkondo wa sodiamu umepungua, kipimo cha umeme wa moyo huonyesha mchoro wa pekee, na kifo cha ghafla usingizini huweza kutokea. Homa huudhihirisha mchoro ambao siku nyingine haupo, kwa hiyo kushusha homa kwa watu hawa ni tiba yenyewe. Ipo pia kasoro ya upande wa pili, aina ya tatu ya ugonjwa wa kipindi kirefu cha umeme wa moyo (QT ndefu), ambayo mwaka 1995 ilionekana kutokana na kupotea kwa asidi amino tatu karibu na kile kizibo. Chaneli haizibwi vizuri, na mpigo hurefuka. Miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika kuna badiliko jingine la SCN5A, linalobebwa na takriban 13 kati ya kila Wamarekani weusi 100. Wengi wao hawaoni dhara lolote maishani, ila hatari huongezeka potasiamu ikishuka au wakipewa dawa zinazorefusha mpigo.

Dawa ya malaria nayo iliwahi kuwa dawa ya chaneli. Magome ya mkwinini, mti uliopandwa na Wajerumani Amani, Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, yana kwinini na kwinidini, molekuli mbili zenye atomu zilezile kwa mpangilio tofauti. Kwinidini huzima chaneli za sodiamu na baadhi ya za potasiamu, na kwa miongo mingi ilitumika kutuliza moyo. Kwa baadhi ya wagonjwa wa Brugada bado inatumika. Kwinini ni dhaifu zaidi kwa moyo, lakini ikiingizwa haraka kwenye mshipa huweza kushusha shinikizo la damu na kuvuruga mapigo. Ndiyo maana dripu ya kwinini haikukimbizwa: ilipewa polepole kwa saa kadhaa. Sindano ya atesuneti iliichukua nafasi hiyo baada ya matokeo ya utafiti mkubwa wa Afrika kutolewa mwaka 2010.

Hospitalini, mtu wa kawaida hukutana na chaneli ya sodiamu kwenye sindano ya ganzi. Lidokaini, iliyotengenezwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943, haizibi tundu kwa nje kama tetrodotoksini. Hupenya kwanza utando wa seli ikiwa haina chaji, kisha hushika chaji ndani na kuingia kwenye tundu kwa upande huo. Hapo ndipo penye ufafanuzi wa jambo wanalolijua vyema madaktari wa meno, Utete na kwingineko: jino lenye jipu halishiki ganzi sawasawa. Usaha ni asidi. Lidokaini hupata chaji mapema, hushindwa kupenya, na mgonjwa huruka kitini. Suluhisho huwa ni kuchoma mbali na jipu, kwenye shina la neva, au kutibu maambukizi kwanza.

Dawa hizi hushikilia zaidi chaneli zilizofunguka au zilizozibwa kuliko zilizotulia. Neva inayorusha ujumbe mfululizo wakati wa kifafa, au kipande cha moyo kilichokosa damu, huzimwa kuliko jirani yake mzima. Huo uteuzi ndio unaozifanya ziwe dawa, badala ya kuwa bunju. Lakini usitegemewe kupita kiasi. Mwaka 1989 jaribio la Marekani lijulikanalo kama CAST lilisimamishwa kwa flekainidi na enkainidi, zilizopewa watu waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, kwa sababu zilipunguza mapigo ya ziada kama ilivyotarajiwa na papo hapo zikaongeza vifo. Kuzima chaneli kwenye moyo wenye kovu hupunguza kasi ya mkondo, na mkondo wa polepole hupata njia ya kujizungusha. Tangu hapo dawa ya mapigo haipimwi kwa mchoro wa karatasi peke yake.

Kinyume cha kuzima ni kushikilia wazi, na kazi hiyo hufanywa kila usiku na chandarua chenye dawa. Paritrini ya maua ya pareto, yanayolimwa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na huko Kenya, pamoja na ndugu zake wa viwandani, paritroidi kama pemetrini na deltametrini, huizuia chaneli ya mbu isizibwe. Mbu hutetemeka, huanguka na kufa. Vyandarua vya pemetrini vilianza kutengenezwa Arusha na kiwanda cha A to Z mwaka 2003. Mtu anayelala ndani yake hana wasiwasi kwa sababu tatu: ini lake huivunja dawa hiyo upesi, joto la mwili wake huipunguza makali, na mahali ambapo mbu ana methionini chaneli za mtu zina isolusini, badiliko dogo linaloifanya dawa ishike kwa shida.

Mbu ana jeni moja tu ya chaneli hizi, si tisa. Aina mbalimbali anazohitaji huzipata kwa kukata na kuhariri ujumbe wa jeni hiyo. Kwa hiyo badiliko lolote humgusa mwili mzima, misuli na neva kwa pamoja, na mara nyingi hulipia gharama. Hata hivyo mabadiliko yametokea. Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba baadhi ya mbu wa Anopheles gambiae wa magharibi mwa Kenya walikuwa na serini badala ya lusini kwenye nafasi ya 1014, na hivyo kustahimili paritroidi na DDT. Anopheles funestus, mwambukizaji mkuu wa malaria katika sehemu kubwa ya Tanzania, alidhaniwa kwa miaka mingi kutokuwa na usugu wa namna hiyo. Hivi karibuni watafiti wa Ifakara na Glasgow waliukuta Morogoro, katika nafasi nyingine za chaneli, ukihusiana na DDT lakini si na paritroidi. Dhidi ya paritroidi, funestus hujikinga zaidi kwa vimeng'enya vinavyoivunja dawa kabla haijafika kwenye chaneli. Vyandarua vilivyochanganywa na PBO, inayovizuia vimeng'enya vya namna hiyo, vilionekana kufanya kazi vizuri zaidi katika utafiti wa Muleba uliotangazwa mwaka 2018.